Mapipa Elfu Ishirini

Kambi ya Mwabuki, Geita
3 Juni 2000

Mama mpendwa, na dada Elisifa utakayemsomea,

Shikamooni nyote. Mimi ni mzima kabisa. Mama, macho yanaendeleaje? Dada, tafadhali soma polepole, usiruke mistari kama unavyoruka tenzi zenye beti nyingi, maana leo nina jambo, na ni la heri.

Mnajua hapa mgodini tunafanya kazi ya marudio. Mchanga ambao wachimbaji wamekwisha kuuosha na kuutupa, sisi tunauloweka kwenye maji yenye sayanaidi. Dawa hiyo ni sumu kali, lakini inatoa dhahabu iliyobaki mchangani kama maji ya moto yanavyotoa rangi ya majani ya chai. Maji yale tunayapitisha kwenye mkaa maalumu wa vifuu vya nazi, mkaa unashika dhahabu, na maji yaliyokwisha kazi yanakwenda bwawani. Sasa sikilizeni: mkaa haushiki yote. Miaka tisa nimesimamia mapipa yale ya mkaa, na miaka tisa kuna kidogo kilichoponyoka kila siku kikaingia bwawani. Mwenye mgodi aliona si kitu. Bwawa amenipa mimi, kwa karatasi na sahihi.

Nimepeleka maji maabara ya Mwanza, cheti ninacho mkononi. Katika mapipa matano ya lita mia mbili mna gramu moja ya dhahabu. Dada, najua utacheka, gramu moja ni kama punje mbili za mchele. Lakini bwawa nimelipima juzi juzi, mwisho wa masika, kwa kamba na mti mrefu: lina mapipa elfu ishirini. Piga hesabu mwenyewe. Kilo nne!

Tatizo ni kwamba imetawanyika. Kilo nne zikiwa kwenye mwamba, nchi nzima ingehamia hapa. Zikiwa ndani ya maji, watu wananitazama kama nina homa. Ni lazima kila pipa lisukumwe, pampu haijui kuchagua, na dizeli inanunuliwa, na mkaa mpya unanunuliwa, halafu mkaa ulioshiba upelekwe Mwanza kwa mwenye mtambo wa kuuvua dhahabu, naye akate chake. Yote milioni saba. Bei ya dhahabu imelala siku hizi, gramu ni elfu sita tu, na bado nitaiuza kwa milioni ishirini na nne.

Milioni saba sina. Ninacho kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Baba alikiacha kwangu mimi kitinda mimba kama desturi yetu ilivyo, lakini Mama yu hai, na bila neno lake wazee wa ukoo hawatanisikiliza. Sirili wa Bomang'ombe, yule wa duka la saruji, yuko tayari kulipa yote kwa mkupuo. Mama, naomba neno lako. Nitawajengea nyumba ya tofali Njoro, pale Moshi mjini, yenye umeme, na utaishi karibu na madaktari wa macho.

Mwanao na ndugu yako,
Ebenezeri

* * *

Uswaa, Machame
21 Juni 2000

Mdogo wangu Ebenezeri,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa kondakta, imekunjwa kama karatasi ya karanga, lakini imefika.

Mama nimemsomea, na sikuruka mstari. Amesikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Amesema hapana. Hakusema mengi. Kihamba kisiuzwe, basi.

Sasa nami nina maneno yangu. Kaburi la Baba liko mita kumi kutoka jikoni, utamwuzia Sirili pamoja na msalaba? Migomba ile ya kando ya mfereji nimeiwekea samadi mimi, kwa kichwa, tangu niliporudi kutoka kwa mume Kibosho na mwanangu Hellen mgongoni. Kahawa imetuangusha, sawa, bei imekufa na dawa hazikamatiki, lakini ng'ombe watatu ninao na maziwa yanatulipia ada. Nyumba ya Njoro nitamfungia ng'ombe wapi, sebuleni?

Kuhusu hiyo dhahabu yako ya kwenye maji mimi sina elimu. Nina laktomita tu. Nasimamia kituo cha maziwa siku hizi, nadhani nilikwambia. Kila asubuhi natumbukiza kile kijiti cha kioo kwenye ndoo za watu, nacho hakina aibu, kinasema nani ametia maji. Wiki iliyopita kilimuumbua Basili mbele ya foleni nzima. Akasema eti ng'ombe wake amelala nje, amenyeshewa! Tulicheka mpaka nikamwaga kikombe. Kwa hiyo nisamehe, nimekuwa mtu wa kushuku. Na kinachonifanya nishuku ni hiki: tangu lini mwenye mgodi akamgawia mfanyakazi kilo nne za dhahabu? Sisi hapa hata mwenye shamba la kahawa hakugawii buni zilizoanguka chini.

Na lingine. Krismasi nne hujaja. Wachagga wa dunia nzima wanapanda mlima Desemba kurudi nyumbani, hata wasio na nauli wanakopa. Wewe unatuma kadi.

Dada yako,
Elisifa

* * *

Kambi ya Mwabuki, Geita
9 Julai 2000

Dada Elisifa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili imenichoma.

Nilimwomba Mama neno, nikaletewa hotuba yako. Laktomita! Mimi nakuletea cheti cha maabara, wewe unaniletea ndoo ya Basili. Dada, nisikilize vizuri, kwa heshima: kihamba ni changu. Wewe uliolewa ukatoka, ukarudi ukapokelewa, na hakuna aliyekuuliza swali. Sikukuuliza mimi pia. Lakini usikae juu ya ardhi yangu ukanifundisha nifanye nini nayo.

Na kama hesabu ndiyo unayoshuku, hii hapa yote, mpelekee nani unayemtaka aikague. Mapipa elfu ishirini, gawa kwa tano, ni gramu elfu nne. Zidisha kwa elfu sita. Sikatai kwamba hatutapata yote. Mkaa ni kama mtu mezani: mwanzo unakula kwa pupa, halafu kadiri maji yanavyobaki matupu ndivyo unavyochokonoa. Nusu ya kwanza inakuja upesi, nusu ya pili inakula dizeli bila kuleta kitu. Kwa hiyo tuseme nipate nusu tu, kilo mbili. Ni milioni kumi na mbili. Toa saba. Bado tano zinabaki! Hata nikikosea nusu nzima, bado sijakosea. Umeona?

Sirili atafika nyumbani Jumamosi ya mwisho ya Agosti pamoja na fedha. Msomee Mama barua hii upya, umwambie mwanaye anamwomba kwa mara ya pili.

Ebenezeri

* * *

Moshi mjini
20 Julai 2000

Mama Hellen mpendwa,

Namaste. Ile siagi ya Jumanne imetoa samli nzuri sana, harufu ilijaa dukani mpaka wateja wakauliza. Kumbe nilikuwa nimezoea vibaya kwa yule bwana aliyekuwa akiniletea siagi zamani.

Uliponiachia hesabu ya ndugu yako ulisema, "Nirmala, wewe ni mjane wa sonara, dhahabu ya kwenye maji ni kweli au ni utapeli?" Sikutaka kujibu haraka mbele ya watu. Nimekaa nayo siku mbili.

Ni kweli. Sisi masonara hatujawahi kumwaga maji ya kunawia. Mafundi wananawa kwenye pipa moja, mwaka mzima, na kabla ya Divali tunachuja. Hata mkeka wa chini ya benchi tunauchoma tukapata kitu. Lakini yetu ni vumbi, linatua chini lenyewe, unamwaga maji yaliyo juu yake. Ya ndugu yako imeyeyuka. Haitui. Unalipia kila tone.

Baba mkwe wangu alipokuwa mzee alinifundisha kuendesha pipa lile. Alikuwa haulizi kuna dhahabu kiasi gani, alikuwa anauliza kuna maji kiasi gani. Maji ndiyo yanayokula fedha. Mwaka mmoja pipa lilijaa mpaka juu, fundi akataka alichuje siku hiyo hiyo. Mzee akakataa. Akaliacha uani juani miezi mitatu, mpaka likabaki robo, ndipo akachuja robo ile. Dhahabu haiozi, mama, ina haraka gani? Kwa hiyo mimi ningekuwa dada mtu ningeuliza mambo mawili. Kwanza, maji yale yalipimwa lini. Pili, kijana ana haraka ya nini.

Karibu Jumanne. Lete kilo mbili za siagi kama zipo.

Wako,
Nirmala

* * *

Uswaa, Machame
24 Julai 2000

Ebenezeri,

Marahaba. Maneno ya Kibosho nimeyasoma na nimeyaweka mahali. Tutayaongea siku ukiwa na ujasiri wa kuyasema mbele ya uso wangu.

Leo nina swali moja tu. Umesema bwawa ulilipima mwisho wa masika. Nimerudi kwenye barua yako ya kwanza nikaangalia, ndivyo ulivyoandika. Haya. Na yale maji uliyopeleka Mwanza, uliyachota mwezi gani?

Nauliza kwa sababu hii. Nikitumbukiza laktomita kwenye ndoo ya Basili asubuhi, maziwa yakiwa mazito, halafu yeye akapita mtoni kwanza akarudi na ndoo mbili, siwezi kumwandikia ndoo mbili za maziwa mazito. Ningekuwa mjinga wa kwanza Machame. Ndoo niliyopima ndiyo ndoo ninayoandika.

Angalia tarehe kwenye cheti chako. Usinijibu mimi. Jijibu wewe.

Mama hajambo. Jicho la kulia sasa linaona mwanga tu. Amesema kihamba kisiuzwe, ni lile lile.

Dada yako,
Elisifa

* * *

Kambi ya Mwabuki, Geita
2 Septemba 2000

Dada Elisifa,

Shikamoo.

Sirili hakuja Jumamosi, bila shaka umeona. Nilimpigia simu kutoka posta ya Geita nikamwambia biashara imekwisha. Akanitukana kidogo. Alikuwa na haki.

Cheti kina tarehe 28 Septemba mwaka jana. Nilichota maji yale mwisho wa kiangazi, jua limeyanywa miezi minne, bwawa limebaki kama sahani. Halafu mvua za vuli zikaja, masika yakaja, likajaa hadi ukingoni, na hapo ndipo nilipochukua kamba yangu na mti wangu kwenda kupima. Uzito wa kiangazi nikauzidisha kwa maji ya masika. Mimi, niliyefanya kazi na maji haya miaka tisa! Nimekwenda kuangalia alama za maji kwenye nguzo ya bwawa. Siku ile ya Septemba bwawa lilikuwa na mapipa elfu nne, si elfu ishirini. Ni gramu mia nane zote, hata nisipopoteza punje. Milioni nne na laki nane. Ningeuza kihamba cha Baba kwa milioni saba ili nipate nne na ushee, na mkaa ungeshika nusu yake tu.

Baada ya kujua, nilikaa kwenye ukingo wa bwawa nikacheka, na nilipomaliza kucheka nililia. Nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia hapa.

Hakuna mwingine kwa sababu mgodi ulifungwa, dada. Tangu Agosti mwaka jana. Bei iliposhuka mwenye mgodi alisema kila gramu inamtia hasara, akafungasha mitambo, akaondoka akiwa na mishahara yetu ya miezi kumi na minne. Wengine aliwapa matairi, wengine mabati. Mimi nilidai zaidi ya wote, akanipa bwawa. Uliuliza tangu lini tajiri akagawa kilo nne. Hakugawa. Lile bwawa ndilo mshahara wangu. Ndiyo maana nilitaka kuamini liko tele, na ndiyo maana sikuangalia tarehe. Nilikuwa naogopa kuiangalia.

Na Krismasi ndiyo hiyo hiyo. Mwanaume aliyekwenda migodini anapanda mlima na nini? Na mkoba wa nguo? Mwaka wa kwanza nilisema nitakuja nikiwa na mbuzi wa kuchinja. Wa pili nikasema na bati la Mama. Kila mwaka niliongeza, na kila mwaka nilikuwa na kidogo zaidi.

Yale ya Kibosho nifutie. Sikuwa na haki hata kidogo.

Mwambie Mama alifanya vizuri kukataa. Aliona kwa macho yale mabovu kuliko mimi kwa haya mazima. Kukataa kwake kumeniokoa, nami nitamshukuru maisha yangu yote.

Mdogo wako,
Ebenezeri

* * *

Uswaa, Machame
20 Septemba 2000

Mdogo wangu,

Ndani ya bahasha hii utakuta jani la isale nililolifunga fundo. Nimelikata mpakani, kwenye kona ya kaburi la Baba. Litakuwa limekauka likifika, lakini hata likikauka ni isale, na unajua kwetu mtu akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nimelitanguliza makusudi. Naogopa usiponiona nimelishika hutasoma mpaka mwisho.

Mama hakukataa.

Siku ile ya Juni nilipomsomea barua yako ya kwanza, alisema, "Mwandikie auze. Auze, arudi nyumbani. Migomba hainiiti mama." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nikachukua kalamu nikaandika amesema hapana. Barua ya pili ulipoomba tena, sikumsomea kabisa. Nilimwambia umetusalimu. Ya Septemba hii nimesoma peke yangu zizini.

Nimejiambia nilifanya hivyo kwa sababu ya hesabu yako. Si kweli, wakati ule kosa la hesabu yako sikulijua. Nilifanya hivyo kwa hofu. Wewe ukiuza kihamba una kilo nne, au huna, lakini u mwanaume, utakaribishwa popote. Mimi kihamba kikiuzwa nakwenda wapi? Kibosho kule nilikopigwa? Kwa desturi hata kaburi sina hapa. Miaka kumi na moja nabeba samadi kwenye ardhi ambayo si yangu. Ulipoandika kwamba nimekaa juu ya ardhi yako, hukunitukana, ulisema kweli, na ndiyo maana iliuma.

Na kuna lingine, nalo ndilo baya zaidi. Nilikasirika. Mimi ndiye ninayemwosha, namlisha machalari ya ndizi yaliyopondwa, namshika mkono kwenda chooni, na bado anasema yuko tayari kutoa migomba yote ili akuone wewe. Siku ile ningeweza kuandika neno lake. Sikutaka ulipate.

Kwa hiyo shukrani zako siwezi kuzipokea, wala Mama hawezi, hazimhusu. Kila asubuhi nawarudishia watu maziwa yao mbele ya foleni, na mimi nilitia maji kwenye maneno ya mama yetu. Ukitaka kuja kuniondoa, njoo. Lakini njoo.

Dada yako,
Elisifa

* * *

Kambi ya Mwabuki, Geita
26 Novemba 2000

Dada Elisifa,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Siku tatu za kwanza nilikuwa na hasira nikakuandikia barua mbili, nimezichoma zote mbili. Siku ya nne nilitundika isale kwenye msumari juu ya kitanda. Baada ya hapo nilikuwa kazini, na kazi yenyewe nikueleze.

Nilifanya kama yule mzee sonara, baba mkwe wa mama Nirmala; habari zake ulimsimulia Yuditha, mke wa kondakta, na mumewe akanifikishia huku. Niliacha jua lifanye kazi yake. Kufikia mwisho wa Septemba bwawa lilirudi kuwa sahani, mapipa elfu nne na kidogo, na jua halikunidai dizeli. Nikaazima pampu ndogo, nikanunua mkaa kwa mkopo wa mwenye mtambo wa Mwanza, nikalala pale pale kambini wiki tatu. Wiki ya kwanza mkaa ulikula vizuri. Wiki ya pili ulipunguza. Wiki ya tatu nilipima maji yanayotoka na yanayoingia, yakawa karibu sawa, na pampu inanguruma. Nikaizima. Nimepata gramu mia tatu na kumi. Baada ya mkaa, pampu, dizeli na mtu wa Mwanza, nimebaki na laki saba na elfu hamsini. Miaka tisa, dada. Ni nauli, na mbuzi mmoja, na daktari wa jicho la Mama, na akiba kidogo.

Iliyobaki bado imo humo. Nilikuwa nafikiri kitu kikiwepo basi ni chako, kazi ni kukifuata tu. Sasa najua kuna dhahabu ambayo ipo, na imepimwa, na cheti kinayo, na ukiifuata unafilisika. Nimezungushia bwawa ua wa miiba mara mbili, nimewaeleza wenyeji sumu iliyomo ili ng'ombe wao wasikaribie, nimeondoka bila kugeuka nyuma.

Kuhusu neno la Mama. Lilinichoma kuliko yote, lakini si kwa vile ulivyodhani. Nilidhani ananisubiri nije na kitu. Mwaka hadi mwaka nilikuwa napima ninachoweza kumletea, na yeye alikuwa tayari kulipa migomba yote ili nije mikono mitupu. Ungeandika neno lake Juni, ningeuza. Namshukuru Mungu hukuandika, na nimekukasirikia kwa kutoandika, vyote viwili kwa pamoja. Isale imeamua, mimi nimetii.

Sasa neno langu, na hili nimekwisha kuwaandikia wazee wa ukoo, nakala imekwenda kwa mchungaji. Kabla sijafika, kata fimbo za isale mpakani, uzipande mstari mmoja, kuanzia mfereji hadi kona ya kaburi la Baba. Upande wa juu wenye nyumba, zizi na migomba yako ni wako, Elisifa, na wa Hellen baada yako. Upande wa chini wenye kahawa iliyokufa niachie mimi. Wazee watanung'unika, waache, tutawapa paja la mbuzi. Na kaburi lako litakuwa hapo, karibu na Baba, utakapozeeka sana na kuwa mkorofi kuliko sasa.

Nafika tarehe ishirini na tatu Desemba, kama basi halitaharibika Singida.

Mkalishe Mama uani palipo na jua, umsomee barua hii yote kama ilivyo, pamoja na zilizotangulia, zangu na zako, tangu ya Juni. Usitie maji.

Mdogo wako,
Ebenezeri